Front load au top load? Niambie kwanza tenki lako liko wapi

Kila nikikaa na wanawake wenzangu wenye mpango wa kununua mashine ya kufulia swali ni lile lile, we dada nichukue front load au top load, na mimi jibu langu limekuwa lile lile hadi wananichoka: maji yako yanatoka wapi na yanashuka kutoka juu kiasi gani. Mtu anataka nimwambie ipi inatakatisha, mi namuuliza habari za tenki. Lakini kwa sisi wa Mwanza, hasa tunaokaa huku mawe yalipo, tenki ndo linaamua, afu nguo zinafuata, rangi ya mashine na ile skrini ya kugusa ndo mwisho kabisa.

Ngoja nieleze kwanza zinavyofanya kazi maana wauzaji wengi hawaelezi, wanakwambia tu hii ndo ya kisasa. Front load ngoma yake imelala, mlango uko mbele, maji yanaingia kidogo tu pale chini, ngoma ikizunguka inazibeba nguo hadi juu afu zinadondoka puu kwenye yale maji, zinabebwa tena zinadondoka tena, kama mama zetu walivyokuwa wanapigiza nguo kwenye jiwe kule mwaloni. Top load ngoma imesimama, unafungua juu, maji yanajaa mpaka nguo zinaelea na chini kuna sahani inayozunguka huku na huku inayakoroga (zile za Kimarekani za zamani zina mhimili mrefu katikati, huku kwetu utaona hizi za sahani zaidi). Basi. Tofauti nyingine zote unazozisikia, maji, muda, nguo kuchakaa, bei, uzito, zinatokana na hapo, kwamba moja inadondosha nguo na nyingine inazielesha.

Na kitu cha kuelea lazima kiwe na maji ya kuelea. Top load ya kilo 7 au 8 ukiijaza vizuri inakula lita 100 mpaka 150 kwa mzunguko mzima, kufua na kusuuza. Front load ya ukubwa huo huo inamaliza kazi na lita 45 mpaka 60 hivi. Weka kwenye ndoo za lita 20 ndo utaelewa vizuri, ndoo tatu kwa moja, ndoo sita saba kwa nyingine. Sasa kwa mtu wa Bugarika juu, au Mabatini, au Isamilo kule juu, ambaye maji anayapata kwa zamu na akikosa anaita kijana wa toyo amletee madumu, hizo ndoo nne za tofauti siyo kitu cha kudharau, mara mbili kwa wiki hizo ni pesa.

Kwa hesabu hiyo ungesema basi imeisha, watu wa mlimani wote wachukue front load. Hapo ndo kimbembe kinapoanza.

Front load haitaki tu maji, inataka maji yenye presha. Ukisoma kile kijitabu kinachokuja ndani ya boksi, ambacho watu wengi tunakiweka kabatini pamoja na waranti bila kukifungua, kuna mahali wameandika presha ya chini inayotakiwa. Nyingi zinataka kuanzia bar 0.5, nyingine hasa za Ulaya zinataka bar 1 kamili. Na bar 1 ni nini? Ni maji yanayoshuka kutoka urefu wa mita 10. Kila mita moja ya urefu inakupa 0.1. Sasa angalia simtank yako. Limekaa juu ya stendi ya matofali ya mita mbili, maji yanatoka kwenye bomba la inchi nusu, yanapita kwenye kona sijui ngapi, mpaka yafike kwenye koki ya mashine hiyo presha iliyobaki ni bar 0.1, ukibahatika 0.2. Kuna watu tenki wameliweka chini kabisa sakafuni nyuma ya nyumba, hao hata tusiongee.

Sasa nini kinatokea ukiifunga hivo hivo? Mashine inafungua valvu yake, inasubiri maji yafike kiwango fulani ndani ya dakika kadhaa, maji yanaingia yakijisikia, muda unaisha, inapiga alamu, inakuandikia herufi mbili tatu kwenye kioo kwamba haipati maji, inasimama. Unaizima unaiwasha, inaanza upya. Fundi anakuja anakwambia valvu imekufa, ananunua nyingine, hali ile ile. Valvu haijafa, maji hayana nguvu. Na kuna kitu kingine watu hawakijui: zile valvu nyingi kile kiwambo cha mpira ndani yake kinabanwa kwa nguvu ya maji yenyewe. Presha ikiwa ndogo sana kinaweza kisikae sawasawa, yaani mashine iko imezimwa lakini matone yanaendelea kudondoka ndani ya ngoma polepole, asubuhi unafungua unakuta maji chini na unaanza kumlaumu dada wa kazi.

Dawa yake ipo, ni kapampu kadogo ka kuongeza presha, kanafungwa kwenye bomba linalotoka kwenye tenki, kanajiwasha kenyewe ukifungua koki. Wengi Mwanza wanako, hata kwa ajili ya bafu la juu. Lakini ukikafunga ujue umeongeza gharama, umeongeza kitu kingine cha kuharibika, na umeme ukikatika vyote vimelala. Kwa hiyo mtu akiniambia front load inapunguza gharama za maji mi namwambia sawa, weka na bei ya pampu kwenye hesabu tuone.

Kipimo changu ni hiki, hakihitaji fundi. Chukua ndoo ya lita 10, iweke pale pale mashine itakapokaa, fungua bomba mpaka mwisho, angalia saa. Kama inajaa ndani ya dakika moja na kitu kidogo, upo vizuri (kuna vijitabu vinataka lita 8 kwa dakika, wengine hawasemi ila ndo hapo hapo). Kama unaweza kwenda kukoroga chai ukarudi ndoo haijajaa, usinunue front load kabla hujashughulikia presha. Na upime maji yakiwa yanatoka kwenye tenki, siyo siku maji ya mtaani yamefunguliwa yana kasi ya ajabu, maana siku hiyo utajidanganya.

Watu wa tambarare hapa wananishangaa, we mbona unatisha watu. Najua. Wifi yangu yuko Kiseke, yeye bomba lake likifunguliwa unarudi nyuma, ana front load na anaipenda kama mtoto. Mji huu ndivyo ulivyo. Maji yote yanatoka ziwani, yanachotwa Capri Point na siku hizi na kile chanzo cha Butimba cha lita milioni 48 kwa siku, afu yanasukumwa kwenda matenki ya milimani ndo yashuke kwa watu. Aliye chini ya tenki anapata ya kumwaga, aliye usawa mmoja na tenki au juu yake anasubiri. Ziwa unaliona dirishani, liko pale linang'aa, maji ya kunywea unayo kwenye dumu.

Top load inavumilia hali hiyo. Maji yakiingia polepole zile otomatiki nyingi zinasubiri tu, na zikichelewa unafungua mfuniko unamwaga ndoo yako, kipimo cha ndani kikiona maji yamefika kwenye mstari mashine inaanza kuzunguka, haijali yalipitia wapi. Nimeona na wanaomwagia front load maji kupitia kile kidroo cha sabuni. Inawezekana, lakini front load inaomba maji kidogo kidogo kwa nyakati tofauti, mzunguko mzima ni saa moja na nusu mpaka mbili na zaidi, utasimama pale na jagi kama mlinzi. Sasa umenunua mashine ya nini?

Kuhusu uzito niwape habari moja. Jirani yangu huku juu alinunua front load duka moja mjini, ikaletwa na kirikuu mpaka pale barabara inapoishia, kutoka pale ni ngazi. Wanaojua ngazi za Bugarika wanajua, nyingine ni saruji, nyingine ni jiwe lenyewe limechongwa kidogo, nyingine ni imani. Front load ina kilo 60 mpaka 70 maana ndani wameweka vipande vya zege makusudi kabisa, juu na mbele ya ngoma, ili isirukeruke ikikamua. Vijana wanne, kamba, ubao, wanapumzika kila kona, mmoja akauliza mama humu ndani mmeweka mawe? Yule mama akajibu sijui baba, nimeuziwa hivo. Kijana akasema yaani mawe yamejaa Mwanza nzima na bado mnaagiza mengine kutoka nje. Tulicheka mpaka mashine ikabidi iwekwe chini. Top load ya kilo 8 mara nyingi ni kilo 30 na kitu mpaka 40, watu wawili wanapanda nayo wanaongea.

Na tukiwa hapo hapo kwenye kuifikisha nyumbani: front load mpya nyuma yake ina bolti za safari, kwa kawaida nne, zinashikilia ngoma isicheze njiani. Lazima zitolewe kabla ya kuwasha. Ukiona mashine mpya siku ya kwanza inatembea kutoka chooni hadi koridoni, kabla hujairudisha dukani kwa ugomvi angalia nyuma. Na uzitunze hizo bolti, siku unahama utazitaka. (Wazungu nao ilikuwa inawasumbua, ile mashine ya kwanza kabisa ya otomatiki ya nyumbani, Bendix, walioionyesha kule Louisiana Marekani mwaka 1937, ilikuwa front load, na ilibidi uifunge kwa bolti kwenye sakafu ili isiondoke. Kwa hiyo muuzaji akikwambia front load ndo teknolojia mpya, tabasamu tu.)

Umeme sasa. Hapa sitaongelea bei kwanza, nitaongelea kukatika. Siku moja nipo kwa wifi jioni, kesho shule, yunifomu zote za watoto ziko ndani ya ile front load, umeme ukaenda. Mlango umejifunga, maji yamefika nusu ya kioo, unaziona soksi nyeupe zimebandika pale zinakuangalia. Huwezi kufungua, na hata ungeweza maji yote yangekuja miguuni. Watoto wanauliza mama itakuwaje. Wifi akachuchumaa, pale chini kulia kuna kidirisha kidogo, akakifungua kwa kijiko, ndani kuna kampira kembamba kenye kizibo na pembeni yake kichujio cha kuzungusha. Akavuta kale kampira akakalaza kwenye sinia la chini maana karai haliingii, akachomoa kizibo, maji yakaanza kutoka kidogo kidogo, sinia likijaa anaziba, anamwaga, anarudi. Mimi nashika tochi ya simu. Ilichukua muda mrefu kweli. Mwisho akazungusha kichujio, kikatoka na kifungo cha shati, pini ya nywele na sarafu ya mia mbili. Afu ndani ya kile kidirisha kuna kakamba ka kuvuta, ukivuta mlango unaachia. Siyo kila mashine inako, kwa hiyo ukiwa dukani mwambie akuonyeshe, na asipojua mwambie afungue kijitabu. Tulisuuza zile yunifomu kwenye beseni kwa mkono, kama hatujawahi kununua mashine.

Mashine nyingi za siku hizi umeme ukirudi zinaendelea pale zilipoishia, hiyo ni kweli, lakini umeme wenyewe urudi. Na urudi kwa upole. Weka gadi, ile ile ya friji inafaa ikiwa inabeba uwezo wa mashine yako, maana bodi ya front load ikiungua bei yake unaweza kuketi chini. Top load umeme ukikatika unafungua mfuniko unatoa nguo. Imeisha hiyo.

Bei ya umeme yenyewe ni habari fupi. Front load karibu zote zina hita ndani, watt 2000 hivi, kwa hiyo ukifua kwa nyuzi 40 unatumia kama uniti 0.6 mpaka 0.8, ukienda 60 unavuka uniti moja, ukiweka maji ya baridi ni 0.2 au 0.3 tu. Top load nyingi za huku hazina hita, ni baridi mwanzo mwisho, matumizi madogo sana. Kwa wanaolipa LUKU ya kawaida, shilingi 350 na kitu kwa uniti, hata ufue kwa maji ya moto hujafilisika. Wa kuangalia ni wale walioko kwenye ule unafuu wa uniti 75 kwa mwezi, wewe ukianza kuchemsha mashuka kila siku utajikuta umevuka bila kujua.

Ila hita ina faida yake na sitaificha. Mtoto mchanga ndani ya nyumba, mgonjwa, nguo za mtu anayefanya kazi na samaki, hapo maji ya nyuzi 60 yanafanya kitu ambacho maji ya baridi hayafanyi. Shemeji yangu anachukua dagaa pale Mwaloni Kirumba anasafirisha, nguo zake top load yangu inazitoa safi kwa macho lakini ukiinusa kola bado unajua huyu mtu anauza nini. Kwa wifi zinatoka hazina harufu. Hilo nampa.

Na kukamua. Front load inakamua kwa mizunguko 1000, 1200, hata 1400 kwa dakika, top load inaishia 700, 800 hivi. Wakati wa kiangazi huoni tofauti, jua la Mwanza linakausha jinzi kabla hujamaliza kuanika. Lakini Machi mpaka Mei, mvua kila siku, nyumba ina watoto watatu na kila mmoja ana yunifomu, nguo ikitoka na maji nusu yake inakauka nusu ya muda. Tena kuna zile siku vile vidudu vya ziwani vinakuja kama moshi, vinatua kwenye shuka jeupe ulilolianika, ukivifuta vinaacha alama. Ukiweza kuanika ndani kwenye koridoni bila kudondosha matone ni raha sana.

Sabuni ndo watu wanaharibia mashine. Hii inahusu zaidi front load. Sabuni ya unga tunayofulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi, maana sisi bila povu hatuamini kwamba nguo imefuliwa. Ndani ya front load yenye maji machache lile povu linajaa ngoma nzima, nguo zinadondoka kwenye povu badala ya maji, haziumii, yaani hazifuliwi, mashine inagundua inasimama inasubiri lishuke, inaongeza maji ya kusuuza, yale maji uliyokuwa unayaokoa yameenda. Na huku kwetu tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu maji ya ziwa ni laini. Ziwa Victoria karibu asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, haijapita kwenye chokaa wala nini, kwa hiyo sabuni kidogo tu povu limetoka. Kile kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti mara nyingi kimepangwa hata kwa watu wenye maji magumu, sisi tupunguze, nusu inatosha, kwa front load hata chini ya nusu na iwe ile iliyoandikwa ya mashine. Faida ya maji laini ni kwamba hita haigandi chokaa haraka kama kwa watu wa visima. Kama wewe ni wa kisima basi hii aya siyo yako.

Kuna na ile rabara ya mlango ya front load. Inabaki na maji kwenye mikunjo yake, ukifunga mlango ukaondoka baada ya muda inaota ukungu mweusi na nguo zinaanza kunuka kitambaa cha deki. Ifute, acha mlango wazi. Ila ukiwa na mtoto anayetambaa au wa miaka miwili mitatu, acha wazi huku unajua kwamba lile ni shimo zuri sana la kujificha, kwa hiyo mlango wa chumba chenyewe ufungwe. Top load harufu siyo tatizo sana, tatizo lake nguo zinajisokota, mikono ya shati imefunga ndoa na miguu ya suruali, na vitenge vyenye rangi kali vinachakaa mapema kuliko kwenye front load.

Mimi ninayo top load, kilo 8, na nilinunua nikiwa na akili zangu zote. Nakaa juu, tenki liko kwenye stendi fupi, ngazi mmezisikia. Ile shida ya kula maji mengi nimeishughulikia hivi: mpira wa kutolea maji sijauelekeza kwenye chemba, nimeuelekeza kwenye pipa. Maji ya kwanza yenye uchafu na sabuni nayatumia kuoshea uwanja na kumwagia choo, ya kusuuza yanaingia pipa la pili, ni masafi kiasi kwamba ya kusuuza mashuka leo ndo ya kuanzia kufua makoti ya kazini kesho. Yaani lita 120 zinafanya kazi mara mbili. Mama mkwe alipokuja kutoka Magu akayaangalia yale mapipa akasema mayu, sasa hii mashine imekupunguzia kazi au imekuongezea mapipa? Nikamwambia mama, mapipa nilikuwa nayo kabla ya mashine. Akacheka, ila kesho yake nikamkuta anamwagilia mchicha na yale ya kusuuza.

Wa kuchukua front load kwa maoni yangu ni huyu: yuko tambarare au ana pampu tayari, umeme wake hausumbui sana, ana watoto wadogo au nguo za kuhitaji maji ya moto, ana mahali pagumu pa sakafu pa kuiweka na haihamishi kila mwaka. Mpangaji anayehama hama, muogope Mungu, usimbebeshe mtu zege.

Na kuna ile ya tatu ambayo watu wanaidharau mno, semi otomatiki ya matenki mawili. Upande mmoja unafua upande mmoja unakamua, maji unamimina mwenyewe, sabuni mwenyewe, unahamisha nguo mwenyewe. Haina bodi ya maana, haina valvu ya kulalamika, haiulizi presha, fundi yeyote wa mtaani anaijua mpaka belti yake, na maji ya sabuni unaweza kufulia nguo nyeupe, afu za rangi, afu za kazi, yale yale. Kwa bei ya front load moja unapata mbili za hizi na chenji. Ukiwa unaanza maisha na unakaa chumba na sebule Nyegezi karibu na chuo, usikubali mtu akucheke. Ubaya wake huwezi kuiacha ukaondoka, lazima uwepo.

La mwisho ni mtumba, maana najua kuna watu wanasoma hapa huku wameshaona front load ya Ulaya iliyotumika mahali, bei ya kutupa. Nyingine ni nzuri kweli. Ingiza mkono ndani, inua ngoma juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Izungushe kwa mkono haraka, sogeza sikio, ukisikia mngurumo kama mawe yanasagwa ni hizo hizo beringi, na mashine nyingi za siku hizi tenki la nje limechomelewa, fundi hawezi kulifungua akabadilisha beringi bila kulikata kwa msumeno na kulirudisha kwa bolti na silikoni. Wapo mafundi wanaofanya hivo na inakaa, wapo wengine ukitoka pale maji yanakufuata. Angalia na ile rabara ya mlango chini kabisa kwenye mkunjo, ndo inapochanika. Na omba iwekwe maji iwashwe mpaka ikamue, mbele yako, siyo kuambiwa inafanya kazi dada, tuliijaribu jana.